Kunde za Alhamisi

Kaeni vizuri, maana nchi ninayowapeleka ni ya watu wenye macho makali, na huko asiyekaa vizuri hukadiriwa. Inaitwa Pimaneni. Msiniulize njia yake. Mimi ninayo habari tu, na habari yenyewe ni ya Mzee Shehoza.

Mzee huyu alikuwa msimamizi wa mitihani, amestaafu. Miaka thelathini alikuwa akikamata wezi wa majibu: mmoja kaficha karatasi ndani ya soksi, mwingine kaandika pajani, mwingine, nawaambieni, kaandika mishipa yote ya moyo juu ya ganda la ndizi. Basi serikali ya kwao iliposikia kwamba Pimaneni madaktari wanafuzu bila mtihani hata mmoja, ilimtuma yeye. "Nenda kaone," wakamwambia. "Kama ni jambo jema, tuliige." Mzee akaitikia vizuri, lakini moyoni alisema: nitawaumbua.

Mpakani askari hakumuuliza pasi. Alimgeukia mwanamke aliyesimama nyuma yake kwenye foleni, akamuuliza, "Mama, huyu mwenzako unamwonaje?"

Mwanamke akamtazama Mzee kuanzia kofia mpaka viatu. "Macho yake ni ya kushuku watu," alisema. "Ila viatu safi."

Askari akaandika yote mawili, akagonga muhuri. Kisha akamwambia Mzee, "Na wewe sasa. Yeye unamwonaje?"

"Mimi? Namwona mdaku!" alijibu Mzee kwa hasira.

Lo! Mama wa watu akawekwa kando palepale, na mpaka adhuhuri alikuwa bado amekalia mzigo wake, anasubiri wengine wanne wa kumkadiria upya. Mzee Shehoza alimtazama kwa mbali akaona haya. Lakini hakurudi kufuta neno lake, maana alikuwa ameshaliandika askari, na yeye ni mtu anayeheshimu kilichoandikwa.

Chuo cha Tiba cha Pimaneni kilikuwa na baraza ndefu, na barazani vilitundikwa vibuyu kumi na vitano, kila kimoja na jina la mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Mkuu wa chuo, Bibi Salhina, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, ndiye aliyemweleza utaratibu. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana wanafunzi hupita mmoja mmoja, na kila mmoja hutia punje moja ya kunde katika kibuyu cha kila mwenzake. Kunde nyeupe maana yake huyu anaijua kazi. Kunde nyeusi maana yake haijui. Jioni karani humwaga, anahesabu, na hesabu hiyo ndiyo elimu ya mtu.

"Na mtihani?" aliuliza Mzee.

"Mtihani humwona mtu saa tatu tu, Mzee wangu. Wenzake wanamwona akifunga kidonda, wanamwona akiwa na njaa, wanamwona akiamshwa usingizini. Sasa nani anamjua zaidi?"

Mzee alitafuta kosa katika maneno hayo akalikosa, na jambo hilo likamkera kuliko yote aliyoyaona siku ile. Maana ni kweli. Nani anamjua mtu kama anayeshinda naye?

Akaona ni bora atumie macho. Siku ya kwanza ilikuwa Jumatano, na mbona aliwapenda wale vijana! Walisalimiana kama ndugu waliopotezana. "Umeamkaje, daktari wangu? Mgongo umepona? Ngoja nikubebee vitabu." Mmoja alimfungia mwenzake kamba ya kiatu. Alhamisi wakatia kunde, wakitabasamu. Ijumaa asubuhi Mzee akaamka mapema asikie tena zile salamu, na watu wakapishana barazani kimya, kila mtu na lake, hata chafya haikujibiwa. Akamuuliza karani wa vibuyu kulikoni.

"Leo Ijumaa," alisema karani, anashangaa kuulizwa. "Salamu ya Ijumaa mpaka Alhamisi ijayo itakuwa imeshasahaulika. Nani atapoteza pumzi?"

Darasani ilikuwa vilevile. Mwalimu alifundisha, watu wakaandika, hakuna aliyeuliza swali. Ukiuliza swali zuri, wenzako walioshindwa kulifikiria wanaona umewavua nguo, na unalipwa kunde nyeusi. Ukiuliza la kijinga, unalipwa pia. Kwa hiyo mwalimu mwenyewe alikuwa amesahau majibu, kwa kuwa miaka kumi na moja hakuna aliyemhitaji ayakumbuke. Na walimu nao, msidhani walisalimika. Walikuwa na vibuyu vyao nyuma ya jengo.

Mwanafunzi wa kwanza chuoni aliitwa Farijala. Kijana mrefu, mcheshi, mikono yake mitulivu kweli, na kibuyu chake kilijaa weupe wiki zote. Wa mwisho alikuwa msichana, Mwanamvua. Huyu kibuyu chake kilikuwa kimeshatoka cheusi kitupu, bila punje moja nyeupe, mara mbili mwaka ule. Sheria ya Pimaneni ilisema hivi: kibuyu kikiwa cheusi mara ya tatu, mwenye nacho anakatwa mikono ya koti lake jeupe mbele ya watu, na hatamgusa mgonjwa tena maisha yake yote, si kwa dawa, si kwa kitambaa cha maji. Miaka mitano ya masomo inakwenda na maji. Alhamisi iliyokuwa inakuja ndiyo ilikuwa ya mwisho wa mwaka, na chuo kizima kilijua.

Mzee alimkuta wodini. Na wodi ya Pimaneni, jamani, ni kitu cha kuona. Wagonjwa nao hupimana. Asubuhi muuguzi hupitisha bakuli, kila mgonjwa anamtaja mwenzake anayemwona mahututi, na daktari huanza na mwenye kura nyingi. Siku ile alishinda bwana mmoja mwenye kikohozi, mpiga hadithi hodari, wodi nzima ikimpenda. Kona ya dirishani alilala mwanamume hana fahamu, midomo imekauka. Hakupata hata kura moja.

"Huyu hamkumpigia?" Mzee aliwauliza.

"Huyo hasalimii mtu," alijibu mwenye kikohozi. "Tangu aletwe juzi, hata neno."

Wanafunzi wengine wote kumi na wanne walikuwa wamezunguka kikohozi. Mwanamvua peke yake alikuwa kona ile, amemwinamia asiye na fahamu, ananusa pumzi yake, anamfinya ngozi ya tumbo. Akaita kwa sauti, "Sukari imempanda huyu! Maji, haraka! Farijala, njoo unitafutie mshipa, mimi mkono wangu unatetemeka."

Farijala akamtazama, akawatazama wenzake, kisha akaendelea kusikiliza kikohozi. Mwanamvua akautafuta mshipa mwenyewe, akakosa mara mbili, mara ya tatu akaupata. Saa sita mchana yule mtu alifumbua macho akaomba uji. Wenzake waliona. Mzee aliwaona wakiona, halafu akamwona mmoja akipapasa mfukoni kuhakikisha kunde zake nyeusi zipo.

"Shikamoo, Mzee," alisema Mwanamvua alipomkuta amesimama nyuma yake.

"Marahaba. Wewe ndiye wa vibuyu viwili?"

"Ndiye mimi."

"Kwa nini huwasalimii wenzako, binti? Wanasema una kiburi."

"Nawasalimia," alisema. "Ila nawasalimia Ijumaa."

Mzee akatamani kucheka, akajizuia. Miaka thelathini ilikuwa imemfundisha kwamba mwizi mkubwa wa mtihani huwa na jibu zuri mdomoni. Akamweka huyu binti kwenye daftari lake: wa kuchunguzwa.

Jumatatu akafanya alilokuja kulifanya. Akamwomba Bibi Salhina ampe wanafunzi kwa nusu saa, akapewa. Akawakalisha mmoja mmoja, meza mbalimbali, wamegeuziana migongo, kama kwao. Akawagawia vipande vya karatasi visivyo na jina. Akasema, "Swali ni moja. Mama yako mzazi akianguka leo, ungetaka atibiwe na nani kati ya wenzako? Andika jina. Hakuna atakayejua."

Swali lile hawakuwahi kuulizwa. Kisha kila mtu akafunika karatasi kwa mkono, akaandika upesi, kama anayefuta kitu. Mzee alitembea katikati yao, hakuna aliyenong'ona, hakuna aliyechungulia. Hilo angeweza kuliapia.

Alizifungua chumbani kwake, mlango kaufunga. Ya kwanza: Mwanamvua. Ya pili: Mwanamvua. Ya tano, ya nane. Zote kumi na nne, Mwanamvua. Ya kumi na tano ilikuwa ndefu kidogo. Iliandikwa: "Mama yangu ameshafariki. Ila angekuwa na mtoto wa jicho ningempeleka kwa Farijala. Mkono wake hautetemeki."

Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Mimi ningetoka mbio nikicheza. Kumbe wale watu wanajua! Wanajuana vizuri kabisa, Bibi Salhina alisema kweli. Ila wanachokijua na wanachokitia kibuyuni ni vitu viwili. Wazo hilo lilimpitia Mzee Shehoza, hata akasimama. Halafu miaka thelathini ikamkalisha tena kitini. Majibu kumi na manne yanayofanana! Katika maisha yake yote hajapata kuona majibu kumi na manne yanayofanana yaliyokuwa halali. Lazima kuna mkono wa mtu.

Akamfuata Mwanamvua bustanini, akamwekea zile karatasi mapajani. "Umewapa nini?"

Msichana akasoma ya kwanza, akasoma ya pili. Akaanza kuzisoma haraka, na ule mkono wake ukatetemeka hata karatasi mbili zikaanguka. "Wote?" aliuliza. "Hata Farijala?" Akafunika uso kwa kiganja, akalia, tena akicheka katikati ya kilio. Alikuwa na furaha, furaha tupu, ya mtu aliyeambiwa mwaka mzima kwamba hajui kitu. "Mzee, nisomee moja kwa sauti. Moja tu. Sijawahi kusikia."

Mzee hakumsomea. Aliwahi kumwona mwanafunzi akilia hivyohivyo ilhali ana karatasi ndani ya soksi. Akakusanya vipande vyake akavipeleka kwa Mkuu.

Baraza la Vibuyu likakaa Jumatano. Walikuwa wazee tisa, na walipoteza saa nzima kubishana kama kikao kilichoitwa na mgeni kinaweza kufunguliwa kabla ya mgeni kukadiriwa. Walipomaliza, Bibi Salhina akaziinua karatasi.

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake," alisema kwa ile sauti yake ya upole. "Nchi hii hatujawahi kukubaliana hata kama leo kuna joto. Itakuwaje hawa kumi na wanne wawe na unywele mmoja? Kila Alhamisi wanasema hajui. Jumatatu, ghafla, wote wanasema anajua. Nani kabadilika?"

Wanafunzi wakaitwa mmoja mmoja. "Uliandika jina hili?" Wa kwanza akaangalia wenzake, akasema si mwandiko wake. Wa pili akasema si wake. Mkisikia watu wanakana, wanakana vizuri wakiwa wengi. Farijala alikuwa wa mwisho. Akaishika karatasi muda mrefu, mikono mitulivu. "Siyo yangu," alisema.

"Basi binti kaghushi," alisema mzee mmoja wa baraza.

"Hakughushi!" Mzee Shehoza alisimama. "Mimi niliwaona wakiandika, kila mtu kwa mkono wake. Hawa wote ni waongo."

Mwanamvua, aliyekuwa kwenye benchi la mbele, aliinua kichwa akamtazama mgeni yule kwa mara ya kwanza kama mtu wa kumtegemea.

"Vizuri," alisema Bibi Salhina. "Tunakuamini, Mzee wetu, wewe ni mtaalamu. Hebu basi tufahamishe. Umewasimamia watu wa mitihani miaka thelathini. Watu kumi na wanne wakitoa jibu moja, tena jibu wanaloogopa kulikiri, je, inawezekana walipangwa kabla?"

Jibu lilikuwa rahisi. Angesema: sidhani. Angesema: huyu binti nilimwona kwa macho yangu akimrudisha mtu duniani. Lakini Mzee alikuwa mtu wa uangalifu, na mtu wa uangalifu hasemi asichoweza kukithibitisha.

"Inawezekana," alisema.

Neno hilo moja karani aliliandika, akalipigia mstari. Mwanamvua akainamisha kichwa. Kesho yake, Alhamisi, hawakusubiri hata kunde kuhesabiwa vizuri. Kibuyu kilitoka cheusi tii, na mchana uleule wakamsimamisha barazani, wakaleta mkasi wa kushonea, wakamkata mikono ya koti, wa kulia kisha wa kushoto. Wenzake wakapiga makofi. Walipiga kwa nguvu, maana kila mmoja alikuwa akitazama mikono ya jirani yake.

Mzee alimfuata mpaka getini.

"Mzee," Mwanamvua akamuuliza, "kwenu mtu akiwa anajua, mnafanyaje?"

"Tunampa mtihani."

"Na akifaulu?"

Mzee akafikiri. "Akifaulu sana," alisema polepole, "tunachunguza kama ameibia."

"Basi hukuwa na haja ya kuja mbali," alisema binti, akaenda zake.

Ijumaa asubuhi Mzee aliamka na aibu. Akasema hapana, leo nitamfuata kwake, nitampigia magoti mtoto wa watu, nitaandika kwa mkono wangu kwamba nilikosea. Akauliza nyumba mpaka akaonyeshwa, chumba kimoja nyuma ya ua wa miwa. Mlango ulikuwa wazi. Ndani palifagiwa, kitanda kitupu. Jirani aliyekuwa akianua nguo akamwambia kwamba binti ameondoka alfajiri, na hakusema anakwenda nchi gani, ila alisema ni nchi ambayo hakuna atakayeulizwa anamwonaje.

Mzee akazunguka nyuma ya nyumba akitafuta pa kukaa. Na huko nyuma, kando ya ua wa miwa, akakuta foleni.

Walikuwa watu kama thelathini. Wanawake wamejifunika khanga mpaka machoni, wazee wamevuta kofia usoni, wengine wamelala kwenye mikeka. Na pembeni ya kila mgonjwa, uso kaugeuzia ukutani, kijana. Mzee aliwatambua kwa migongo. Alikuwa amezunguka nyuma ya migongo ile nusu saa nzima siku ya Jumatatu. Wanafunzi kumi na wanne, hakukosekana hata mmoja, na hakuna aliyekuwa akimtazama mwenzake.

"Mnamsubiri nani?" aliuliza Mzee.

Mmoja akasema anapunga upepo. Mwingine akasema amesindikiza shangazi, hajui shangazi amefuata nini.

"Mnamsubiri Mwanamvua," alisema Mzee. "Ameondoka."

"Mwanamvua gani?" waliuliza watatu kwa pamoja.

Hapo kikongwe mmoja aliyekuwa mkekani akaifunua khanga yake. Uso ulikuwa wa manjano, na tumbo limejaa. "Acheni upuuzi nyie watoto!" alisema. "Huyo ndiye anayenitoa maji tumboni kila Ijumaa, nami nimejifunika uso asijue mimi ni mama wa nani. Wiki jana kaniambia nisikose leo, nikikosa nitakufa. Ameondoka kwenda wapi? Farijala! Mwanangu, huyu baba anasema nini?"

Farijala akageuka kutoka ukutani. Alikuwa amevaa koti lake jipya, mikono yote miwili ipo, na kifuani beji ya daktari wa kwanza wa Pimaneni. Alipiga magoti kando ya mkeka, akaugusa mguu wa mama yake uliovimba, akauachia upesi.

"Haya, kijana," alisema Mzee Shehoza. "Mama anaumwa, na daktari wa kwanza wa nchi ndiye wewe. Unangoja nini? Mtibu."

Farijala akamtazama kama mtu aliyeambiwa tusi.

"Mzee," alisema, "huyu ni mama yangu."